Jani kwenye Mdomo wa Kaltumi

Cleopas alimpiga wifi yangu Kaltumi mdomoni kwa mpini wa jembe, akamvunja meno mawili. Naandika mimi, mjane wa kaka yake, maana mtaa wetu wote wa Nateete unasimulia vibaya, na jina la marehemu mume wangu si la kuchezewa sokoni.

Kaltumi amekuza miche nyuma ya nyumba yetu miaka thelathini. Nakati, mboga ya majani, na katunkuma, yenye vitunda vichungu, ni ndugu, na zikichipua zinafanana mno. Jani la kwanza baada ya yale mawili ya mbegu ndilo huzitenganisha: la nakati ni laini, la katunkuma lina vinyweleo. Kaltumi hulipitisha kwenye mdomo wa chini, akajua. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, sijawahi kumkosoa.

Siku tatu baada ya Idi, Cleopas, Mkenya anayelima mboga na kuziuza soko la Nakasero, alivunja lango kwa teke, mpini wa jembe mkononi. Akatupa chini fungu la miche alilonunua mwisho wa Ramadhani, kamba yake ya mgomba bado ina fundo la Kaltumi.

"Mama, uliniuzia magugu! Ile ya mwanzo wa mwezi nilipanda, wateja wakanirushia majani yake usoni!"

"Kwetu hatuuzi magugu," Kaltumi akamjibu. "Labda hukuosha uso."

Ndipo mpini ukashuka. Cleopas akakanyaga vitalu. Majirani wakaingia na mawe, wakipiga kelele auawe. Mwanangu Akram alimbana ukutani kwa koo mpaka macho yakamtoka.

"Mwacheni!" Kaltumi alitema damu. "Nipeni hiyo miche."

Mdomo wake ulikuwa umevimba, hausikii kitu. Akapitisha jani kwenye kope. La kwanza, la pili. La tano akasita.

"Hili lina nywele."

"Wifi, nyamaza," nikamnong'oneza.

"Ninyamaze nini? Ramadhani sikutia jani mdomoni, niliogopea saumu yangu. Nilipapasa kwa vidole." Akatuonyesha vidole vyenye sugu ngumu kama kwato. "Miche ni kosa langu. Meno ni kosa lake."

Akachukua panga, akakatakata kila kitalu cha Ramadhani, damu ikimdondoka kidevuni. Hakuna aliyethubutu kumsogelea.

"Mwezi ujao njoo uchukue mingine," akamwambia Cleopas. "Leo Akram anakupeleka polisi."