Senene Kifuani, Mama Mkwe Kwenye Keria

Jamani, naomba mcheke kwa adabu, maana wengine mlikuwepo mkaona kwa macho yenu, na ambao hamkuwepo mmeshahadithiwa na kuongezewa chumvi. Yule mwanamke wa Bilele, Bukoba, aliyemwingiza mama mkwe wake shambani kwa baiskeli, mbele ya Padri na wageni wote, ni mimi. Mpaka leo nikipita Muleba najifunika kitenge usoni.

Parokia yetu iliandaa msafara wa baiskeli kutoka Bukoba mjini hadi kanisani Muleba, kuchangisha fedha za maji safi kwa watu wa ng'ambo ya ziwa, huko visiwani, ambako wavuvi na wachuuzi wa dagaa wanakunywa maji yaleyale wanayofulia, na mvua zikianza wanaharisha, wengine hawainuki tena. Jambo la maana kabisa. Nikajiandikisha, nikapewa fulana ya kunitosha mara mbili, na baiskeli nikaazima kwa jirani anayebebea ndizi, breki ya nyuma haina, ya mbele inashika inapojisikia (nilijua, naam, nilijua).

Tukaondoka alfajiri. Ilikuwa Novemba, na nyinyi wenyewe mnajua Novemba kwetu ni mwezi wa nini. Hatujafika mbali nje ya mji, nikaona majani ya kando ya barabara yamejaa senene, wale panzi wetu watamu. Wametua usiku, umande umewalemea, hawarushi hata mguu. Mhaya gani atapita hapo kama hajaona? Tena ndoa yangu ilikuwa changa, na kwa desturi yetu mke ndiye anayemkamatia mumewe senene wa kwanza wa msimu, na mume akishakula akashiba, hapo ndipo kitenge kipya kinapopatikana. Lakini Padri alikuwa ametuonya kwamba msafara hausimami kwa lolote. Basi nikajifanya mnyororo umechomoka, nikabaki nyuma, nikavua soksi moja ndefu, nikakusanya, nikakusanya, nikaifunga fundo, nikaitumbukiza ndani ya fulana, kifuani, Padri asione. Moyo unanidunda kama wa mwizi, lakini nikajisemea, nani atajua?

Kilichoniponza ni kusahau kwamba senene aliyelala kwa baridi huamka kwa jua. Jua likazidi kupanda, jasho likanitoka, na mimi nikaanza kusikia kifua kinatekenya. Nikakaza mwendo, nikijipa moyo kwamba Muleba si mbali.

Nilipofika kijijini kwa wakwe zangu, wenzangu wameshatangulia na Muleba yenyewe imekaribia, nani kasimama barabarani kavaa gauni lake la gomesi na rozari shingoni? Mama mkwe. (Mama huyu namwogopa tangu niolewe, na si kwamba ni mgomvi. Anakuangalia tu, unaanza kukumbuka dhambi zako zote.) Nikashuka, nikapiga magoti, nikamsalimu. Akaitikia, halafu akasema:

"Mimi fedha ya kuchanga sina. Nipakie, na mimi niingie kanisani na msafara."

"Mama, hii baiskeli..."

"Ndizi inabeba, mimi itashindwa kunibeba?"

Ningesema nini? Ningemwambia breki mbovu, angeniuliza kwa nini nimekuja nayo. Ningemwambia kuhusu senene, ndiyo kabisa. Nikamshikia baiskeli. Akapanda kwenye keria, akakaa upande kwa heshima zake, mkono mmoja kiunoni kwangu, tukaondoka.

Ule mteremko wa kushukia kanisani mnaufahamu. Hatujafika hata katikati, soksi ikaachia. Sijui waliitafuna, sijui ni fundo, ninachojua ni kwamba kifua chote kilichemka, senene wamenipanda shingoni, wameingia kwapani, mmoja anatafuta njia ya sikio, na mikono siwezi kuitoa kwenye usukani maana baiskeli imeshashika kasi. Nikabana breki. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Kushoto mtaro, kulia malori yanapanda, na nyuma yangu nimempakia mama aliyemzaa mume wangu.

"Mama, nishike vizuri!"

Nikasikia ule mkono umetoka kiunoni. Nikageuza shingo kidogo, na nilichokiona sitakisahau: mwenyekiti wa kinamama wa kigango, mama mzima wa watu, ameachia mikono yote miwili, anadaka senene wanaotoka kwenye kola yangu!

"Maawe, senene! Mkamwana, punguza mwendo, wananipita!"

"Mama, breki hakuna! Shika!"

"Hakuna nini?"

Sasa akashika, lakini alishika koo. Nikapiga kelele, "Tupisheni! Tupisheni!" na watu kule chini wakadhani nashangilia, wakapiga vigelegele, kwaya nayo ikaongeza ngoma. Nikamwona Padri amenyoosha mikono kutupokea, kisha nikaona sura yake inabadilika. Nikakata kona nisimgonge, tukapita katikati ya viti vya wageni, tukaingia kwenye shamba la migomba la kanisa, na baada ya hapo baiskeli ilikwenda wapi mimi sijui.

Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa amelala chali kwenye majani, macho kafumba. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa bega, kimya. Jamani, nimewahi kuogopa maishani, lakini si vile. Niliona kaburi, nikamwona mume wangu amesimama juu yake ananitazama, nikaona ukoo umekaa kikao kuuliza marehemu kafa kwa nini, na jibu ni senene. Nikalia, "Nimemuua! Nimemuua mama wa watu!" huku senene wanaendelea kunitoka kifuani mmoja mmoja mbele ya wanakwaya.

"Maji! Leteni maji!" mtu akaita.

Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya chupa moja, juu ya meza ya wageni. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa ameyaleta kutoka kisiwani ili Padri awaonyeshe watu kinachonywewa kule. Akaja nayo mbio, akammwagia usoni yote.

Mama mkwe akakohoa. Akalamba midomo.

"Maji gani haya yananuka dagaa?"

"Ndiyo tunayokunywa, mama," yule wa kisiwani akamjibu.

Nilimshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Lakini kifundo chake cha mkono kilikuwa kimevunjika, tukampeleka hospitali, na jioni mume wangu akafika kutoka Bukoba, mbio mbio, jasho linamtiririka.

"Mama, imekuwaje?"

Nimesimama ukutani, nasubiri hukumu. Padri yuko pale pale. Mama mkwe akaniangalia. Akaniangalia tena. Akamgeukia mwanawe:

"Mbuzi alikatiza. Mkeo akamkwepa."

Padri akakohoa, akatoka nje.

Tangu siku ile baiskeli sijapanda, na senene nanunua sokoni, wamekaangwa, hawana hata miguu. Mama mkwe kapona, analima kibanja chake cha migomba, na hilo jambo hajawahi kulitaja, kwangu wala kwa mtu mwingine. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Angenitukana pale pale, yangekwisha. Sasa kila akipiga simu akisema, "Mkamwana, nina jambo dogo nataka tuongee," mimi naitikia nikiwa nimesimama, na mume wangu ananiuliza, "Wewe unaogopa nini?"

Namwambia naogopa mbuzi.