Ushahidi Niliomnyima Dada Yangu

Mwanangu, iko siku moja ambayo ikinijia akilini, mpaka leo naacha ninachofanya. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilikuwa nimesimama ofisini kwa mtendaji wa kijiji hapa Iguguno, na dada yangu Eliwaza, huyo unayemwita mama mkubwa, ananitazama akingoja niseme neno moja tu.

Dada alikuwa anauza nyumba yake, ile iliyopakana na yetu, ili anunue nyingine Mwankoko, awe karibu na mjini anakouza mafuta ya alizeti. Mnunuzi alishapatikana. Mwenye nyumba ya Mwankoko alikubali kumsubiri mpaka Ijumaa. Ilibaki kodi. Ukiuza nyumba kwa bei inayozidi gharama zako, serikali inachukua sehemu ya hiyo faida. Lakini afisa wa kodi alimweleza dada kwamba nyumba aliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi inaweza kusamehewa, ikiwa faida haikuvuka kiwango kilichowekwa. Ya dada haikuvuka. Alitakiwa apeleke barua ya kijiji. Bila msamaha huo, asingeweza kuinunua ile ya Mwankoko.

Shida ni kwamba siku nyingine dada alilala mjini kwa ajili ya biashara, na watu walisema nyumba ile ni ya kupangisha tu. Mtendaji akataka jirani athibitishe. Jirani ni mimi.

"Haya, mama Yohana, wewe na yeye mko ukuta kwa ukuta. Huyu alikuwa anaishi pale au la?"

Nilijua kila kitu. Miaka sita nilimsikia akikohoa alfajiri, akifokea kuku, akiimba vibaya huku anafagia. Lakini mwanangu, wiki mbili nzima nilikuwa naiwaza tu ile nyumba ya Mwankoko. Dada angepata bomba uani na sakafu ya vigae. Mimi ningebaki na sakafu yangu ya udongo. Tumezaliwa tumbo moja, kwa nini yeye tu?

Nikatazama chini. "Sijui vizuri. Mara yupo, mara hayupo."

Dada akacheka, akidhani natania. "We mdogo wangu! Chumvi uliyokuwa unakuja kuomba kila jioni, ulikuwa unamwomba nani? Kuku?"

Mtendaji naye akacheka. Wote walinijua kuwa mtu wa aibu, wakadhani nimeiogopa ofisi. Mtendaji akaweka kalamu chini, akasema turudi nikishakumbuka.

Mzee Mkumbo, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni akisubiri zamu yake. Alisikia yote. Nilipotoka nikamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu niambie, umemwogopa mtendaji, au umeogopa mwenzio asipate nyumba nzuri?"

Nikajifanya nakurekebisha mgongoni.

"Kumbe. Sasa sikiliza. Kodi hiyo wakimtoza, haiji kwako. Hupati hata bati moja. Umemnyang'anya mwenzio, halafu unarudi nyumbani mikono mitupu. Mwizi mjinga kama wewe sijawahi kumwona."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku nne nilijifanya mgonjwa. Ijumaa nikaenda, nikasema kweli, nikaweka sahihi. Barua ikaandikwa, ikafika mjini Jumatatu, na dada akasamehewa kodi. Lakini nyumba ya Mwankoko ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Baadaye alipata nyingine hukohuko, ndogo, haina bomba. Maji anachota kwa jirani.

Mwaka ulipita ndipo nikapata nguvu ya kumwambia. Akaendelea kuchambua mchicha. "Nilijua," akasema. "Uliugua homa gani isiyokuzuia kwenda kisimani?" Kisha akaniongezea chai.

Mwanangu, sikuambii usione wivu. Mimi bado ninao. Juzi dada kapaka rangi madirisha, nikarudi nimenuna njia nzima. Ninachokuambia ni hiki: usiuache wivu ukusemee. Ndugu yako akiuza nyumba na kutafuta nyingine, akakuomba useme unachokijua, sema siku hiyohiyo, maana mwenye nyumba hangoji moyo wako upoe. Usijifiche kwenye aibu kama mimi. Na wewe ukija kuuza yako, tunza karatasi zako, mwulize afisa wa kodi mapema, na usione haya kuuliza mara ya pili.

Mungu akujalie nyumba, mwanangu. Na siku ukiiacha kwenda kwenye iliyo bora, akujalie jirani atakayeinua uso na kusema: naam, aliishi humu, nilikuwa namsikia.