Aravamudan Mpishi na Utenzi wa Mapambo ya Bwana

Alizaliwa mwaka 1231 wa hesabu ya Saka, kalenda yetu ya kale, katika mwezi wa Avani, mjini Tirumanjolai, pale mto Kaveri unapogawanyika mikono miwili. Babake alikuwa msomaji wa Veda, maandiko yetu matakatifu, katika hekalu la Bwana wetu Vishnu, na babu yake vivyo hivyo, na hakuna aliyetia shaka kwamba mtoto huyu naye angesoma. Lakini Aravamudan alipofikishwa mbele ya mwalimu akiwa na miaka saba, ulimi ulikwama kwenye neno la kwanza. Alikuwa na kigugumizi. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo, maana neno takatifu likitamkwa vibaya huhesabiwa kuwa limevunjika. Alivumiliwa miaka mitatu, kisha akapelekwa jikoni kupika wali wa sadaka. Inasimuliwa kwamba tangu siku ile babake hakupita tena mlango wa jikoni.

Jiko lilipakana na ukumbi wa wasomaji. Kwa miaka ishirini Aravamudan alikoroga huku akisikiliza, na yote waliyosoma wenzake kwa sauti yeye aliyahifadhi kimya kimya. Ndipo wito ulipomjia. Asubuhi moja alipeleka wali, pazia likafunguliwa, akaiona sanamu ya Bwana imepambwa kwa sikukuu. Na mafumbo aliyoyasikia kupitia ukuta yakamfungukia machoni kwa mara moja. Alitunga kwa Kisanskriti utenzi wa beti arobaini, kila pambo na maana yake: baragumu ni sauti iliyozaa maneno yote, gurudumu la makali ni moyo wa mtu, ukimbiao kuliko upepo, upanga ni elimu, na ala yake ni ujinga unaouficha, na kito chekundu kifuani ni roho, isiyo na doa, ambayo Bwana haivui hata alalapo.

Kuhani mkuu, Singaperumal, mtu mwadilifu na mkali, alimsikia akiuimba peke yake, akikwama na kurudia.

"Aravamudan, nani kakuruhusu?"

"Ha-ha-hakuna, Swami. Umekuja wenyewe."

"Basi urudi wenyewe ulikotoka! Silabi moja ukiivunja mbele ya Bwana, mji mzima utalipa. Wewe pika. Mdomo wako kazi yake ni kuonja chumvi, na hata hiyo hukatazwa kabla Bwana hajala."

Wapishi wenzake walicheka hadi wakashika mbavu, na kwa miezi mingi wakamwita Veda-Veda-Veda. Hakulalamika. Aliacha kuimba kwa sauti, lakini alipochambua mchele midomo yake ilicheza.

Mwaka wa 1270, siku ya tatu ya mwezi wa Ani, askari wa chifu mmoja wa milimani waliingia mjini kabla ya adhuhuri. Walikuja kwa ajili ya kito. Singaperumal alikivua kifuani pa Bwana, akakimbilia jikoni, akakitumbukiza ndani ya sufuria ya shaba iliyokuwa ikitokota. "Usiseme, mwanangu," alinong'ona, akajifungia ghalani. Aravamudan alibaki na mwiko mkononi. Alikuwa ameweka nadhiri ya kutosema uongo.

Kapteni wao aliitwa Mallappa. Aliingia na viatu.

"Wewe mpishi! Kito kiko wapi?"

"Ki-kito cha Bwana ni ro-ro-roho."

"Tazameni anavyotetemeka!" Askari wakaangua kicheko. "Mwoga hasemi mpaka apashwe moto. Haya, roho nitaitoa mimi. Tia mkono humo. Utatoa siri au utatoa nyama."

Wawili wakamshika, wakauzamisha mkono wake wa kulia ndani ya wali unaochemka, hadi kiwiko. Na chini, kwenye kitako cha sufuria, vidole vyake vilikutana na kito. Angekishika tu, mateso yangekwisha. Singaperumal, jicho lake kwenye ufa wa mlango wa ghala, aliona bega la mpishi likishuka na akajua amekifikia. Akafumba macho.

Aravamudan akafungua vidole. Kisha akaanza utenzi wake kwa sauti kuu, kwa kigugumizi chote, ubeti wa upanga, ubeti wa ala, na alipofika kwenye neno "roho" alikwama mara tatu, jasho likimtiririka, asiruke silabi. Kicheko kilikoma. Askari mmoja aliyemshika aliachia na kugeukia ukutani.

"Mtoeni," Mallappa akasema hatimaye. "Huyu hana kitu. Angekuwa nacho angeshasema." Wakaondoka, wakabeba vinara vya shaba.

Singaperumal alitoka akajitupa miguuni pa mpishi wake. "Mwanangu, ulikigusa. Kwa nini hukukitoa?"

"Ni-nilikigusa, Swami. Kilikuwa cha moto tu. Kile ki-kingine hakiungui."

Mkono ule haukupona. Vidole vitatu vilianguka. Lakini jioni ileile kuhani mkuu alimshika bega akamsimamisha mbele ya pazia, akamwambia, "Imba." Kesho yake Aravamudan akarudi jikoni, akapika kwa mkono wa kushoto miaka kumi na tisa. Alifariki mwaka 1289, siku ya mfungo, moto wa jiko ukiwa haujawashwa, ili asiache kazi nusu.

Wazazi wa watoto wenye ndimi nzito huja mpaka leo kuwalisha wali wa jiko lile, na wapo wanaoshuhudia jinsi ndimi hizo zilivyofunguliwa. Wasomaji wanapoufikia ubeti wa kito hulirudia neno "roho" mara tatu, kama alivyolitamka yeye, na hakuna mwanachuoni aliyethubutu kulisahihisha. Nasi tuliojaliwa ndimi nyepesi, tunaosali huku mawazo yakiwa sokoni, tumwige yeye: tuseme machache, tuyaseme kwa shida, na tusiyaachie tunapounguzwa.