Uzi Usiokatika

Nilipokuwa mtoto, tukiishi ughaibuni, ghorofa za juu mtaa wa St. James Town, bibi yangu aliamini kwamba mwanamke anayejifunza kupigana anauita mkono utakaompiga. Alikuja na imani hiyo kutoka Tanga, na hakuona sababu ya kuiacha kwa kuwa tu tumehamia kwenye theluji.

Aliyemfanya airudie kila siku alikuwa mama mdogo Rehema, binti yake wa mwisho. Rehema alisafisha ofisi mjini na kurudi peke yake. Mwanamume mmoja wa jengo letu alizoea kumfuata ndani ya lifti na kusimama karibu naye mno, bila kusema neno. Msimamizi wa jengo alipoambiwa alijibu kwamba mtu hakatazwi kupanda lifti. Basi Rehema akajiandikisha kwenye mafunzo ya kujihami, Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa, akanichukua na mimi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Alitufundisha kwamba ukishikwa mkono, uchomoe kuelekea upande wa dole gumba la aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Ukikabwa, inamisha kidevu kwanza upate pumzi, kisha kanyaga unyayo wake kwa kisigino. Ukitaka watu watoke milangoni, usiite msaada, piga kelele kwamba kuna moto. Na usivae shingoni kitu kisichokatika.

Aliposema hilo la mwisho alikuwa akimtazama Rehema, aliyekuwa na hirizi chini ya blauzi. Bibi alimfungia hirizi hiyo siku alipogundua habari za mafunzo: kitambaa cheusi kwenye uzi wa nailoni uliosukwa, ili isidondoke, na kiapo cha kutoivua hata bafuni. Mwalimu alimwomba aivue. Rehema alisema mama yake ataumia.

Baada ya hapo Bibi aligoma kula mpaka binti yake aache mafunzo. Rehema akaacha.

Jumapili moja asubuhi mimi na Rehema tulishuka kwenye chumba cha mashine za kufulia. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine nikitafuta soksi, yule mwanamume akaingia, akafunga mlango, akamkaba Rehema kwa nyuma. Nilimwona akiinamisha kidevu kama tulivyofundishwa. Akakanyaga, na mkono wa yule mtu ukalegea. Alikuwa amekwisha kuponyoka. Ndipo vidole vya yule mtu vikaukuta uzi, akausokota.

Nilipiga kelele za moto kwa Kiingereza, lugha niliyomjibia kila mtu nyumbani, mpaka jirani mmoja akaupiga mlango teke. Yule mtu alikimbia. Polisi walimkuta chumbani kwake anakunywa chai.

Rehema aliishi, ila koo lilikuwa limepondeka. Madaktari walisema sauti haitarudi kama ilivyokuwa.

Alipotoka hospitali, wanawake wa msikitini walikuja kumpa pole. Bibi aliwamiminia chai na kuwasimulia, hatua chache kutoka kitandani kwa mgonjwa, kwamba yote yaliletwa na kule kujifunza kupiga.

"Bila hirizi yangu," alisema, "leo mngekuwa mmekuja msibani."

Wanawake wakamshukuru Mungu. Rehema alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Mimi nilianza kusema kwamba uzi ndio uliomkaba, mama yangu akaniminya bega niache. Kisha Bibi akaleta hirizi nyingine, safari hii kwenye uzi mwembamba wa pamba, akaifunga juu ya alama nyekundu ya ile ya kwanza. Rehema aliinua kichwa ili mama yake apate kufunga vizuri.

Hadithi hiyo Bibi aliisimulia kwenye kila harusi na kila khitma, hadi alipokufa. Rehema siku zote alikuwa amekaa palepale, akisikiliza.

Mwaka jana, baada ya arobaini ya Bibi, nilimrudisha Rehema nyumbani kwake Markham. Garini nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama yake ukweli hata sauti ilipoanza kurudi. Huongea kwa mnong'ono mkavu, ikanibidi nizime kipasha joto nimsikie.

"Nilimwambia," alisema. "Jikoni, mimi na yeye tu. Akasema anajua. Alijua tangu hospitali, manesi walipomkabidhi ule uzi."

Nikamuuliza Bibi alisema nini kingine.

"Aliniomba nisimwambie mtu."

Nilikuwa nimemsamehe Bibi zamani, kwa sababu niliamini hakujua. Ilikuwa rahisi kumpenda mtu aliyekosea kwa imani. Sasa nikimkumbuka namwona akimimina chai, akifika pale pa kumshukuru Mungu, na binti yake akitazama sakafu. Bado namwombea dua kila Ijumaa. Ila siku nyingine dua hunikwama katikati, nami siirudii.