Stoo ya Rangi Isiyokuwapo

Vijana walimwita Bosi Bandia, naye hakuchukia, maana jina lilimletea wateja. Alipanga chumba cha kuwazoeza usaili wa kazi, juu ya duka la matairi, chenye meza, viti viwili na feni iliyozunguka ilipojisikia. Kijana akifika mlangoni alimwamkia shikamoo mama kama mtu na mzazi wake. Akishavuka kizingiti, mama alikuwa ameshavaa miwani isiyo na nguvu, amekunja uso, anamwuliza amefuata nini ofisini kwake. Aliyejibu kwamba anaomba kazi alirudishwa nje akaanze upya.

"Hapa hakuombwi," aliwaambia. "Wewe una kitu, mwenzako anakihitaji. Mwonyeshe, kisha nyamaza."

Ujuzi huo hakuupata darasani. Miaka mingi alikuwa karani wa mapokezi kwenye kiwanda cha mabati, meza yake imepakana na chumba cha usaili, na mlango wa chumba hicho ulikuwa mwembamba. Alisikia waliopita na walioanguka, akajua walipotelezea. Kiwanda kilipopunguza watu, yeye aliondoka na masikio yake, akayafanya mtaji.

Swali lililowaangusha wengi lilikuwa lile la kueleza siku uliyokosea kazini na ulivyorekebisha. Mtoto aliyemaliza shule juzi atakosea kazini wapi, kazi yenyewe hajaionja? Kwa hiyo Bosi Bandia akawatungia. Kijana anamsaidia mjomba wake kwenye stoo ya rangi wakati wa likizo. Anasahau kufunga koki ya pipa, rangi inamwagika sakafuni. Anakwenda kusema mwenyewe kabla hajaulizwa, na tangu hapo kila koki anayoikagua anaifunga uzi mwekundu. Basi. Kosa limo, ukweli umo, dawa imo. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga stoo ya rangi maishani mwake. Vijana waliikariri hadithi hiyo, wakaajiriwa, wakaleta wadogo zao, nao wakaikariri.

Wa kwanza kumshtua alikuwa mlinzi wa duka la jumla, mwanafunzi wake wa zamani. Walikuwa wanapiga soga getini, mara mlinzi akasema rangi ya buluu haipendi tangu siku ile stoo kwa mjomba. Bosi Bandia akacheka, akamwambia asimfanyie usaili pale, hadithi hiyo aliipika yeye. Mlinzi hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyetaniwa msibani. Akasema rangi ilimfika kwenye vifundo vya miguu, ilikuwa ya baridi, na yule mzee kule mwisho wa stoo hakugeuka hata alipoitwa.

"Mzee gani?"

"Aliyesimama kaelekea ukutani. Si unamjua, mama?"

Hakumjua. Katika hadithi yake hakukuwa na mzee. Alijipa moyo kwamba kila msimuliaji hutia chumvi, akaenda zake. Siku chache baadaye akaenda zahanati kupima presha, na binti wa mapokezi, naye aliyepitia chumba kile kile, akainama juu ya kaunta na kumwuliza kwa sauti ya chini kama na yeye huwa anamwona mzee wa stoo. Binti huyo na mlinzi hawakuwa wakijuana hata kwa sura. Presha siku hiyo ilibidi ipimwe upya.

Angeyaacha yapite kama si Kidoti. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, anayeishi naye, na kwake Bosi Bandia alikuwa mama mdogo, hakuna bandia. Kampuni ya maji ilikuwa inatafuta mtu wa kuhudumia wateja, nafasi moja tu. Kidoti alikuwa ameshakosa kazi nyingi mpaka akaanza kulala mchana kutwa, jambo ambalo mama mdogo wake aliliogopa kuliko njaa. Hii akiikosa, hatajaribu nyingine. Alishasema hivyo, tena bila kulia.

Mchana, siku moja kabla ya usaili, walifanya mazoezi, jua likiwaka dirishani. Kidoti alijibu vizuri hadi swali lile. Hapo akafumba macho.

"Rangi imefika magotini," alisema. Hakuwa anakariri. Alikuwa anaangalia.

Bosi Bandia alivua miwani. "Na mzee?"

"Bado kanipa mgongo. Lakini amesogea karibu."

Mwingine angeita watu wa maombi. Yeye alikuwa mtu wa biashara: bidhaa ikiharibika unaitoa rafuni. Alimshika binti mkono akamwambia stoo ile kesho haiingii mtu.

"Sasa niseme nini, mama mdogo? Mimi sijawahi kufanya kazi."

"Na hizo nywele unazosuka barazani?"

"Hizo ni nywele tu."

"Wanaosukwa wanalipa?"

"Wanalipa."

"Kumbe umekuwa kazini miaka yote hiyo, ukala chakula changu bila kuniambia."

Kidoti alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mwezi uandame. Kosa nalo likapatikana. Alimsuka mke wa mchinja nyama misuko minene, kumbe mwenyewe alitaka myembamba. Aligundua nusu ya kichwa imeshakwisha. Akamwambia, akafumua yote, akaanza upya, na tangu hapo humsuka mteja msuko mmoja kwanza, akampa kioo, akikubali ndipo aendelee. Hadithi ilikuwa safi, ila haikukaa mdomoni. Kila alipofika kwenye kufumua, ulimi uliteleza ukaangukia pipa. Bosi Bandia alimkatiza, akamrudisha mwanzo, akamkatiza tena, kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka kwenye tope.

Asubuhi walikaa kwenye benchi la ukumbini, kwenye kampuni ya maji. Aliyewatangulia kuitwa alikuwa kijana mwembamba aliyetoka mbali, mwenye begi lililofifia. Bosi Bandia alikuwa amemdodosa: hakuwahi kufika kwake, wala hakuwa na ndugu aliyefika. Mlango ukafungwa nyuma yake. Nao ulikuwa mwembamba.

Likaja swali. Sauti ya kijana ikashuka, ikasema kulikuwa na stoo ya rangi ya mjomba.

Kidoti naye alisikia. Akakishika kiganja cha mama mdogo kwa mikono miwili.

"Amegeuka," kijana alisema kule ndani.

Mtu akakohoa. Kijana akashukuriwa, akatoka, akarudi kukaa kwenye benchi kana kwamba bado hajaitwa. Zamu ya Kidoti ikafika. Shangazi au mwalimu wa shule angemtamkia baraka. Bosi Bandia alimnong'oneza tu, "Mke wa mchinja nyama," akamsukuma.

Alisikia salamu, alisikia maswali madogo yakipita. Kisha lile. Chini ya mlango ilianza kutoka harufu ya rangi mbichi, ingawa kuta za jengo lile zilikuwa zimebabuka siku nyingi. Bosi Bandia alisimama.

"Kulikuwa na," Kidoti alianza, akakwama. "Kulikuwa na mwanamke mmoja, mke wa mchinja nyama, ana kichwa kikubwa, wazee wangu mnisamehe."

Mtu akacheka mle ndani. Harufu ikakatika.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho. Alisema wamemwambia asiondoke, kuna karatasi za kujaza, aanze Jumatatu. Bosi Bandia alimtikisa bega, akamwambia aombe kalamu nzuri.

Kijana mwembamba akawageukia. "Dada, yule mzee aliyesimama nyuma ya wale wanaouliza maswali, ndiye mkubwa wa hapa? Mbona aliniangalia mimi tu?"

Kidoti alisema mle ndani watu walikuwa wamekaa wote, hakuna aliyesimama.

Bosi Bandia angeweza kuondoka. Huyu hakuwa mteja wake. Aliketi kando yake, hakuvaa miwani.

"Kwenu nani hupika, mwanangu?"

"Mimi," kijana alisema, macho mlangoni.

"Umewahi kuunguza?"

Midomo ya kijana ilianza kujipanga kwa neno lisilo lake, ikaacha, ikaanza tena.

"Achana na stoo, niambie kilichoungua kwako," alisema Bosi Bandia, akamkamata kidevu na kumgeuza atazame kwake. "Sina haraka. Anza na sufuria."