Siku Neema Alipotumbukia Chini ya Barafu

Enzi zetu pale Vickery Meadow, Dallas, baridi hatukuisoma kwenye simu. Iliingia ndani bila hodi. Wazazi wetu walitoka Kongo na mablanketi mawili na maonyo mengi, ila hakuna onyo hata moja lililohusu barafu. Mito ambayo baba aliijua Kivu ilikuwa ile inayotembea.

Nilipokuwa na miaka kumi, baridi ilitukalia siku nne mfululizo. Umeme ulikatika, shule ikafungwa, mama akapika uji kwenye jiko la gesi amevaa makoti mawili na kitenge juu yake. Nyuma ya maghorofa yetu kijito kiliganda ukingo hadi ukingo. Baba alikikagua kama mtaalamu, akatangaza: "Mutoto nikimuona juu ya ile barafu, atanitambua!"

Sisi tulichosikia ni kwamba kuna barafu.

Siku ya nne, jua lilipotoka, nilishuka na mdogo wangu Neema, mwenye miaka saba. Tuliteleza na viatu vya kanisani, maana soli zake zilikuwa laini. Tusichokijua ni kwamba maji mengi yalikuwa yamegandia huko juu kijito kinakotokea, hivyo kwetu kijito kilikuwa kimepungua, na barafu imebaki kama dari juu ya chumba kitupu. Neema aliruka mara moja tu. Dari ikapasuka, akatoweka.

Nilijua amekufa. Kisha sauti ikatoka shimoni: "Dada, huku maji yananifika miguuni tu!"

Karibu nicheke. Lakini jua lilikuwa limeshalegeza barafu ya huko juu. Mapande yalipita yakigongana, yakaziba kalavati chini ya barabara, na maji yakaanza kurudi nyuma. Yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Neema akaacha kuniita mimi, akaanza kumwita Yesu.

Mayowe yangu yaliwatoa wazazi mbio. Baba, yule aliyeikataza barafu, alilala juu yake kifudifudi, akarusha kitenge cha mama shimoni.

"Zungusha ku mukono! Usiachilie!"

"Baba, mikono haisikii!"

"Basi uma na meno!"

Akauma. Tukamvuta hivyo hivyo, kama samaki. Adhabu niliyoahidiwa sikuipata; baba alikaa ukingoni akalia, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Jumapili baba alitoa ushuhuda kanisani, maji yakiwa kiunoni. Alipourudia Pasaka, yalifika kifuani. Krismasi yalikuwa yamempita Neema kichwa, na mimi simo kabisa kwenye hadithi.

Siku hizi naishi Katy, nje ya Houston, kwenye nyumba ambayo baridi lazima iombe ruhusa. Januari hii bwawa la mtaani liliota utando mwembamba wa barafu. Simu ilinionya, shule ikanionya, majirani wakafunga utepe kuzunguka bwawa zima. Nikamwambia mwanangu wa miaka sita twende tukaone. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba ameshaona video yake.

Nilimshukuru Mungu kwa mtoto mwenye akili. Kisha nikavaa koti, nikaenda peke yangu. Kwenye utepe niliwakuta watu wazima watatu wa umri wangu wakiichungulia ile barafu, kila mmoja akijifanya ametoka kutembeza mbwa. Wawili hawakuwa na mbwa.