Ndege Iliyokimbia Kama Mbuni

Niliacha shule kidato cha pili na bado mnanisoma kila wiki, kwa hiyo nisikilizeni. Juzi asubuhi ukungu uliingia ndani ya ofisi ya kata, Mkumbi, tukawa kama tunaelea. Mbele yangu alisimama binti anayesomea urubani, mkono mmoja kwenye plasta. Chuo hakimrudishi bila saini ya mama yake, na mama, mkulima wa kahawa, alikuwa ameficha mikono ndani ya kitenge.

“Nieleze kwanza hiyo ndege ilivyoanguka,” mama akamwambia.

“Haikuanguka, mama. Ilikataa kupaa. Ilikimbia tu kama mbuni, ikaingia majanini, bawa likavunjika.”

“Mbuni unakimbiaje?”

Nikacheka mpaka mtendaji akanikazia macho. Binti alimaanisha yule ndege mwenye shingo ndefu. Mama anaujua mbuni wa kahawa tu. Binti akafungua mdomo amsahihishe, akaufunga. Mama alikuwa anautazama ukungu kama anayeona shamba ndani yake.

“Wangu mmoja ulikaa miaka mitano bila punje,” akasema taratibu. “Sikuung'oa.”

Akatoa mkono, akasaini.

Mimi maana zote mbili nazijua, na kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza. Usahihi wangu ungemnyima binti anga.